Tulipima Kioo Kikiwa Juu

Nyumbani,
Chumba cha uani, kinachopakana na karakana ya useremala,
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu mimi mdogo wako, na za wote waliomo humu ndani. Sisi hatujambo. Mama mgongo unamsumbua akiinama sana, ila ukimwambia apumzike anakuuliza kazi atamwachia nani. Bibi anakula, anagomba, analalamikia chumvi, kwa hiyo yu mzima. Mimi naendelea na masomo, na bado nakaa dawati la nyuma karibu na dirisha.

Na wewe je? Mkono wako wa kulia unaendeleaje? Unaweza kukunja vidole vyote? Ukishika kikombe kilichojaa chai, hakitetemeki? Tafadhali usinijibu "nzuri tu" kama unavyowajibu watu wengine. Nataka kujua kweli, na ukifika mbele utaona kwa nini nimeanza na mkono.

Najua umeshangaa kuletewa karatasi wakati simu ninayo. Lakini wewe unanijua. Mtu akisema "haloo" tu, maneno yangu yote yanatawanyika kama kuku walioona mwewe. Nilianza kukuandikia kwa lugha ya shule, ile tunayojibia mitihani, ikatoka kama barua ya kuomba kazi. Nikaichana. Hii ni ya lugha ya nyumbani. Ukikuta makosa yavumilie.

Habari yenyewe ni hii: spika zako zimefungwa kwenye gari la Baba.

Ndiyo, zile zile. Zile ulizozinunua ulipoanza kazi, Baba akasema hakuna atakayetoboa mlango wa gari lake maadamu yeye anapumua. Nakumbuka mlivyosimama uani, yeye na patasi mkononi, wewe umelikumbatia boksi kifuani kama kichanga, mimi nimejibanza nyuma ya mlango wa jikoni. Ulipoondoka ulilisukuma boksi chini ya kitanda changu ukaniambia panya wasiliguse. Hawakuligusa.

Mambo yalianzia kwenye zile bodi za ndani za milango ya mbele. Maji ya mvua hupenya kwenye mpira wa kioo yakashuka ndani ya mlango, na hadibodi, ile mbao nyembamba ya unga wa miti, imekunywa maji miaka yote hiyo hadi ikawa kama mkate uliochovywa kwenye chai. Ya upande wa dereva ilidondoka yenyewe mbele ya mteja, Baba alipofunga mlango. Aliiokota, akaipangusa, akaitupia kiti cha nyuma. Kesho yake akaniuliza huku ameangalia pembeni: "Zile za kaka yako bado ziko?"

Nikasema ziko. Akauliza tena. Nikasema ziko, Baba. Akauliza mara nyingine, nikaona heri nikalilete boksi lenyewe. Sikushangaa. Si wewe na Baba mlionipa jina la Mnong'ono? Nimezoea kurudiarudia. Nilijua ni sauti yangu, imekwama kooni kama kawaida.

Kaka, kazi ile niliipenda, na sijamwambia mtu. Tuliitandaza bodi iliyooza juu ya plaiwudi, nikaizungushia penseli, na Baba akaniachia msumeno. Mimi ndiye niliyekata. Tundu la spika ndilo gumu, kwa sababu lazima liwe duara kweli kweli. Ukikosea kidogo tu spika inacheza, na ikicheza bodi nzima inaguna kama mzee aliyeamshwa. Nilikata, nikapiga msasa, nikaijaribu spika, nikapiga msasa tena. Ilipoingia na kutulia, Baba aliinua nyusi zote mbili. Unajua maana yake.

Lakini kuna jambo lilinipita. Unakumbuka Baba anavyochagua mbao. Anagonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anasema, "Hii tumbo lake tupu," na kweli ukipasua unakuta wadudu wamehamia. Safari hii hakugonga. Alitandaza kiganja juu ya plaiwudi akaniambia mimi ndiye nigonge upande wa pili. Nikagonga. Akafumba macho. Nikadhani ni ufundi mpya.

Yule jirani fundi wa makochi ndiye aliyetuletea sponji, na reksini, ile ngozi ya bandia, ya kuvalisha bodi. Unamjua, hawezi kufanya kazi mdomo ukiwa umefungwa.

"Hivi nyie," akasema, "mnatengeneza gari au kabati la nguo?"

"Afadhali lingekuwa kabati," Mama akamjibu kutoka jikoni. "Ningepata pa kuweka mashuka."

"Mzee, nikushonee nyeusi au kahawia?"

"Kesho mchana," Baba akajibu.

Tulicheka sote. Fundi wa makochi alisema hiyo rangi ya kesho mchana yeye hana, labda duka la jumla wanayo. Baba naye akacheka, ila alichelewa kidogo, na alikuwa akitutazama midomo. Hilo nililiona, Kaka. Nikaliacha lipite.

Sasa nifike kwenye kosa. Spika zako nyuma zina sumaku nene, wewe unazijua. Kwa hiyo kabla ya kufunga bodi lazima ujue mlango una kina gani. Kazi hiyo niliifanya mimi. Nilichomeka rula kwenye tundu la chuma mpaka ikagusa bati la nje, nikaona nafasi ni tele, hata sumaku mbili zingekaa. Nikamwonyesha Baba, akaridhika. Kilichotuponyoka wote wawili ni kwamba mvua ilikuwa inanyesha na vioo vya gari vimepandishwa. Kioo kikiwa juu, ndani ya mlango panabaki patupu. Kikishuka, kinapita hapo hapo ninapotaka kuweka sumaku. Fikiria ni nani aliyekosea hivyo. Baba! Yule aliyetuchosha masikio kwamba droo inapimwa ikiwa imefungwa, halafu inapimwa tena ikiwa wazi. Tulipima kioo kikiwa juu, tukafunga skrubu zote, tukajisifu.

Mvua ikakatika. Baba akaketi kwenye kiti cha dereva, akavuta mlango, akaanza kukishusha kioo kwa kile kizungushio. Mimi nilikuwa nje, nimesimama karibu na tairi. Mwanzo kilishuka vizuri. Halafu nikasikia mlio, kama msumari unaokwaruzwa kwenye sinia. Kioo kimeikuta sumaku.

"Baba, simama!"

Hakusimama. Kizungushio kilikuwa kigumu, naye akakaza mkono. Nikapiga ukelele. Sikujua kama sauti ile ninayo. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, fundi wa makochi akaacha cherehani yake upande wa pili wa ukuta akachungulia, mbwa wa jirani akaanza kubweka. Watu wote wa uani walisikia. Ila uso wa Baba ulikuwa umetulia kabisa, Kaka, kama mtu anayefungua dirisha apate hewa. Nilimwona kupitia kioo, na kioo kikapasuka kutoka chini hadi juu huku nikimtazama. Aliacha kuzungusha vipande vilipomwangukia mapajani.

Akatuangalia mmoja mmoja. Kisha akauliza, "Mmeniita?"

 Fundi wa makochi aliyekuwa akichungulia akatoweka ghafla, eti anatafuta uzi.

Mama akaenda akasimama mbele yake kabisa, akasema polepole, "Mzee wangu, tangu lini?"

Baba akainua kidole akaionyesha mashine ya randa inayonguruma kutwa karakanani. Akasema sikio la upande wa mashine lilishakwenda zamani, na hili la pili linamfuata mwenzake. Mama akamuuliza mbona hakusema. "Niseme nini? Nani atampa kazi fundi asiyesikia mashine yake mwenyewe?" Alisema kwa sauti ya juu mno, kama anaongea na mtu wa ng'ambo ya barabara, na mimi nikaelewa kwamba wala hajui anaisema kwa sauti gani.

Tuliokota vioo mimi na Mama. Katikati ya kuokota akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. "Na mimi nikadhani uzee umemlainisha," akasema. "Kila nikisema jambo, ndiyo, sawa, haya. Hata pazia za maua alikubali! Nikasema Mungu amejibu." Kisha ndipo akalia, akijifuta kwa upindo wa gauni, na vipande vya kioo mkono wa pili.

Hapo, nimechuchumaa na ufagio, ndipo nikaikumbuka ile sauti yako uliyoirekodi ukanitumia kwenye simu.

Nayajua maneno yake yote, nimeisikiliza mara nyingi mno. Ulisema: "Mimi kwa Mzee sipigi tena. Nilimwambia nimepasuliwa mkono, nimelazwa, sijui kama nitashika kitu tena maishani. Unajua alinijibu nini? 'Vizuri, vizuri sana, endelea hivyo hivyo.' Akakata. Basi, yamekwisha. Na hii ni yako peke yako, mdogo wangu, usimpe mtu asikilize." Ulikuwa ukicheka uliposema "vizuri sana", na kicheko kile ndicho kilichokuwa kinanifanya niizime.

Naomba nikwambie nilivyoishi na sauti ile. Kila asubuhi Baba ananipeleka shule kabla ya kufungua karakana. Garini ndipo mahali pekee ninapoweza kuongea, kwa sababu tumekaa ubavu kwa ubavu na hakuna anayemtazama mwenzake. Zamani nilimwambia kila kitu humo. Baada ya sauti yako niliacha. Nikawa natoa shikamoo, nageukia dirishani. Nilimchukia, Kaka. Nilikuwa naitazama mikono yake kwenye usukani nikijiuliza mtu anawezaje kuambiwa mkono wa mwanawe umepasuliwa akasema vizuri sana. Siku moja nilijaribu kumuuliza, kwa sauti yangu hii, macho yakiwa dirishani. Hakujibu. Nikaona ndilo jibu lake.

Hakukusikia. Ndicho nilichokaa chini kukuandikia, na ningeweza kukiandika mstari wa kwanza nikaishia hapo, lakini nilitaka uone nilivyoona, usije ukadhani namtetea tu. Hakukusikia. Alikuwa ameibana simu kwenye sikio lake, anasikia kuna mtu anasema, anajua ni mwanawe, anaona aibu kuuliza tena na tena, basi anakisia. Akakisia vibaya.

Bodi tulizifungua zote, tukaanza upya. Fundi kioo alileta kingine, na kabla hajamaliza kukifunga Baba alishamwonyesha kwa ishara kwamba kishushwe, kipandishwe, kishushwe tena. Tukapima kioo kikiwa chini kabisa. Ilibidi spika zisogezwe ndani ya gari, mbali na kioo, kwa hiyo nilikata pete za plaiwudi, nikazigandisha kwa gundi moja juu ya nyingine mpaka zikafikia unene unaotakiwa. Halafu nikafanya kitu cha kwangu mwenyewe. Sikio la Baba lenye uhai kidogo ni la upande wa abiria. Kwa hiyo pete za mlango wa abiria nilizichonga zikae mshazari, upande mmoja mnene na mwingine mwembamba, ili spika isitazame miguu ya mtu kama ilivyo kawaida, imtazame dereva usoni. Ukiiona utasema bodi imevimba shavu. Fundi wa makochi aliivalisha reksini ya kahawia akalalamika kwamba shavu lile limemlia kitambaa chake, ila mshono wake hauna hata kikunjo.

Siku ya kujaribu tulikuwa wawili tu garini, jioni, tumefunga milango na kupandisha vioo. Redio ilikubali kuunganishwa na simu yangu. Niliweka wimbo mmoja wa zamani anaoupenda. Baba alikaa wima. Baadaye nikaona midomo yake inafuata maneno, na kwenye kiitikio akapiga usukani kwa kidole, akiwa sawasawa na ngoma. Sijamwona hivyo tangu nikiwa mdogo.

Wimbo ukaisha. Mkono wangu ulikuwa kwenye simu. Kaka, nisikudanganye kwamba niligusa kwa bahati mbaya. Nilijua ninachokigusa. Uliniambia ni yangu peke yangu, nami nikaifungua.

Sauti yako ikajaa gari zima. Ilitoka upande wangu, mlangoni kwangu, kana kwamba wewe ndiye uliyekaa hapa nilipokaa mimi. Ulipotaja upasuaji, Baba alizima kipangusia mvua ambacho hata hakikuwa kinafanya kazi. Hakujua ashike nini. Ikaisha, akasema, "Rudisha." Nikairudisha. Safari ya pili aliinama akaweka kiganja kwenye bodi, pale penye shavu, vidole vyote vimetandazwa, akakaa hivyo mpaka mwisho.

Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo kama yangu:

"Nilisema vizuri?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mwanangu ananiambia mkono, mimi nasema vizuri?"

 Baba aliunyanyua mkono wake mwenyewe wa kulia akauweka juu ya usukani, akaanza kukunja vidole, kimoja kimoja, akivitazama. Alivikunja vyote. Akavikunjua. Akaniuliza, "Anaweza kushika patasi?" Nikamwambia sijui, Baba, nitamuuliza. Basi nakuuliza. Unaweza?

Kama umekasirika kwa kuwa nimeitoa siri yako, una haki, na mimi nitaibeba hasira hiyo. Ila nisingeweza kuendelea kuwa mtu pekee katika nyumba hii anayejua kwa nini hupigi, wakati anayesubiri upige anaketi mita moja kutoka kwangu.

Mama amempangia kwenda kwa daktari wa masikio. Amekubali, na safari hii alikubali akiwa amesikia, Mama alihakikisha. Daktari atasema nini hatujui, na mimi sitaki kukupa matumaini nisiyokuwa nayo. Karakana bado iko wazi. Mashine ya randa ninaisimamia mimi nikitoka shule, yeye anashika patasi na penseli.

Kuna jambo jingine. Tangu siku ile, akifunga karakana jioni haingii ndani moja kwa moja. Anaingia garini, anapandisha vioo, anaichukua simu yake anaiunganisha na redio kama nilivyomfundisha, anakaa. Anakaa mpaka Mama amwite kula, yaani mpaka Mama aende agonge kioo. Nilimuuliza anafanya nini humo. Akasema anachaji betri. Injini imezimwa, Kaka. Hata mimi ninajua betri haichajiwi hivyo, na yeye ndiye aliyenifundisha.

Ukipiga, piga saa hiyo. Sema polepole, usipaze sauti, spika zako zinatosha. Akichelewa kujibu usikate.

Mama anakusalimu sana na anasema ule. Bibi anakusalimu, anauliza huko chumvi yao ikoje. Fundi wa makochi anasema ukirudi atakuvalisha viti, uchague rangi mapema, asije akaambiwa kesho mchana. Baba nilimuuliza nikuandikie salamu gani kutoka kwake. Alifikiri, akasema nisiandike kitu, atasema mwenyewe.

Mungu aupe mkono wako nguvu zake zote, na akulinde huko uliko mpaka tukuone.

Mimi wako nikupendaye, niliyepiga ukelele uani watu wote wakasikia,

Mnong'ono